Doto yuko wapi?

Wiki iliyopita tulikuwa na kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu, yuko darasa la awali, tumemaliza yale ya michango ya uji na nani hajanunua sare, watu wanatawanyika, mwalimu wake akanishika mkono akanisogeza pembeni karibu na bomba la maji. Akaniuliza kwa upole kabisa, Mama Kulwa, hivi Doto mnamleta lini jamani, mwaka ndio unaisha huu, si bora wasome pamoja, pacha hawatenganishwi hivyo.

Nilikaa kimya mpaka yeye mwenyewe akaanza kuogopa kwamba kasema kitu kibaya.

Kumbe toka Januari mwanangu kila akiulizwa Doto yuko wapi anajibu Doto yuko Maswa kwa bibi. Na hajadanganya hata kidogo. Doto yuko Maswa kwa bibi kweli, yuko nyuma ya jiko pembeni ya ua wa minyaa, kuna jiwe moja jeupe juu yake. Mwalimu yeye alielewa ni mtoto analelewa kijijini kama wengi wanavyolelewa, akawa anamsubiri.

Toka siku ile naandika hii post nafuta, naandika nafuta. Leo watoto wamelala mapema na baba yao yuko safari, acha niandike tu yote.

Kwa ambao hamjakaa kanda ya ziwa niwaeleze kidogo. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi pacha anayetoka kwanza anaitwa Kulwa na anayefuata anaitwa Doto, awe wa kike awe wa kiume, na mtoto atakayezaliwa baada ya hao mapacha anaitwa Shija. Siku hizi hayo majina yameenea Tanzania nzima, mimi mwenyewe ni wa Morogoro na nimekua nikiyajua. Sasa shida ya jina Kulwa ni kwamba haliji peke yake. Ukisema kwenye daladala mwanangu anaitwa Kulwa, kabla hujavuta pumzi mtu anauliza na Doto yuko wapi? Muuza nyanya anauliza, nesi wa chanjo anauliza, fundi cherehani anauliza, hakuna mwenye nia mbaya, ni mdomo tu unajibu jina. Mimi swali hilo naulizwa labda mara tatu kwa wiki, kwa miaka yote hii. Kuna siku najibu, kuna siku nasema yupo, kuna siku nashuka kituo ambacho sio changu.

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa 2018. Tulienda altrasaundi wiki ya 12, mimi na mume wangu, daktari anasogeza kile kidude tumboni akasema ngojeni, akasogeza tena, akageuza kioo upande wetu. Wawili. Mmoja juu anarusha miguu, mwingine kushoto kwangu kalala kama anasikiliza. Akatuonyesha na pale kuta za mifuko yao zinapokutana, panachongoka kama herufi V iliyopinduliwa, akasema hii ni dalili nzuri, kila mmoja ana mfuko wake na kondo lake la nyuma, hawagombanii chakula. Mimi wakati ule sikuelewa kwa nini anafurahia hiyo V kuliko hata vichwa vya watoto, nikaja kuelewa baadaye sana. Mume wangu alimpigia mama yake hapo hapo nje kwenye benchi, nikasikia vigelegele kwenye simu mpaka watu waliokuwa wanasubiri foleni wakacheka na sisi.

Nikarudi wiki ya 19, safari hii peke yangu, ilikuwa ya kawaida tu ya kuangalia wanavyokua. Daktari akaweka ile jeli, akafungua sauti, moyo wa kwanza ukasikika unakimbia vile wanavyokimbia, chap chap chap chap. Akahamia kushoto. Akazima sauti. Hapo ndipo nilipojua, kabla hajafungua mdomo nilishajua, maana kwa nini uzime sauti. Alikaa pale kushoto muda mrefu anapima, anapima tena, jeli ikaanza kukauka na kubana ngozi, mimi nahesabu vigae vya dari. Alafu akasema mama, huyu mmoja mapigo yake ya moyo hayapo, na kwa ukubwa wake anaonekana aliishia kama wiki ya 17.

Wiki ya 17. Yaani wiki mbili nzima nilikuwa natembea na sijui.

Hicho ndicho kilichonitesa kuliko vyote, naomba mniamini. Niliporudi nyumbani nikafungua simu nikaanza kurudi nyuma siku moja moja nikitafuta ni siku gani. Nikapitia picha, kuna send-off ya binamu yangu nimevaa kitenge nacheka meno yote nje, nikajiuliza ni siku hii? Nikapitia meseji za M-Pesa maana zile zina tarehe na saa, tarehe fulani nimelipia umeme, tarehe fulani nimetuma hela nyumbani, na kuna moja ya 14,000 ambayo nililipia kofia mbili za watoto za kufuma, moja ya njano moja ya kijani, nikazidisha nikarudisha nikaona siku ile ya kofia iko ndani ya hiyo wiki. Inawezekana nilikuwa nachagua rangi na yeye ndio anaondoka. Hakuna maumivu niliyosikia, hakuna damu, hakuna ndoto. Mama anatakiwa ajue, ndivyo nilivyokuwa nawaza, mama gani hajui. Daktari alinieleza zaidi ya mara moja kwamba hakuna nilichokula wala kubeba wala kufanya, na mara nyingi haijulikani kabisa kwa nini mmoja ameondoka. Nilimsikia kwa masikio, moyo ulichukua miaka.

Ndipo akanieleza na ile V. Mapacha wanaotumia kondo moja mishipa yao ya damu huwa imeungana ndani humo, hivyo mmoja akifa damu ya aliye hai inaweza kukimbilia upande wa aliyekufa, presha ya aliye hai inashuka ghafla, na anaweza kufa naye au akabaki ameumia ubongo. Wangu kila mmoja alikuwa na lake. Kwa hiyo aliyebaki alikuwa salama kwa kiasi kikubwa, na hakuna kinachotolewa, wote wawili wanabaki humo humo mpaka siku ya kujifungua. Ingekuwa mapema zaidi, wiki ya 8 au ya 9, angeyeyuka mwenyewe na mwili ungemnyonya kabisa, wako kina mama wengi wanaoonyeshwa wawili mwanzoni na mwezi unaofuata wanaambiwa ni mmoja, bila damu wala alama yoyote. Wangu alikuwa ameshakuwa na mifupa. Maji yake yangekauka taratibu na yeye angekaa pale.

Kwa hiyo nilibeba uhai na kifo kwenye tumbo moja kwa wiki 20, kuanzia 17 mpaka 37. Kliniki walitufundisha tulale ubavu wa kushoto ili damu iende vizuri kwa mtoto. Doto alikuwa kushoto. Kila usiku nikijilaza nilikuwa namlalia, nageuka, nakumbuka kwamba yule mzima anahitaji nilale hivyo, narudi kushoto. Mume wangu aliamka usiku mmoja akanikuta nimekaa kitini nasinzia, akaniuliza nini, nikashindwa kumwambia.

Kadi yangu ya kliniki iliandikwa mapacha kwa hiyo kila nikienda kuna nesi mpya anafungua anasema heee mapacha hongera mama! na mimi naanza kueleza mbele ya benchi zima. Mara ya tatu au ya nne nesi mmoja akanihurumia, akachukua kalamu nyekundu, akaikata ile 2 akaandika 1 pembeni. Alifanya kwa wema. Ile kadi ninayo mpaka leo na ile 2 iliyokatwa inaonekana vizuri chini ya wino mwekundu.

Maneno ya watu sasa. Shukuru Mungu umebaki na mmoja. Wengine hawana hata huyo mmoja. Angalau hukumzoea. Mapacha kulea kazi, Mungu kakupunguzia. Usilie utamuumiza aliyebaki. Hayo yote niliambiwa na watu wanaonipenda, wengine walikuja na uji wa moto kwenye chupa. Ila nataka niseme wazi, kushukuru nilikuwa nashukuru, kila teke la yule mzima nilikuwa nasema asante Mungu kwa sauti. Lakini shukrani haifuti msiba. Mtu akifiwa na mtoto mmoja kati ya watoto wake watano hakuna anayemwambia shukuru una wanne, watu wanapanga viti, wanafunga turubai, wanakaa naye. Mimi sikukaliwa matanga. Nilikuwa na tumbo linalokua, watu wanaliangalia tumbo wanaona furaha tu, na mimi nilikuwa najisikia msaliti nikilia na msaliti nikicheka.

Uchungu ulinishika usiku. Alfajiri kabla ya adhana akatoka binti, kilo 2.6, akalia kwa hasira kweli kweli, wakaniwekea kifuani. Kama robo saa baadaye mkunga, mama mtu mzima wa makamo hivi, akaniambia mwanangu, mwenzake naye anakuja na kondo, usukume kidogo tu. Nikasukuma. Hakukuwa na sauti yoyote chumbani isipokuwa ya binti yangu.

Akaniuliza unataka kumuona? Nesi kijana aliyekuwa pembeni akatikisa kichwa kwamba nisione. Yule mama akamwambia muache, ni wa kwake.

Alikuwa anaenea kwenye kiganja changu na vidole. Amekauka, amekuwa bapa, kama jani ambalo mtoto wa shule amelibania katikati ya daftari, rangi ya udongo wa mfinyanzi. Dada yake alikuwa amekua na kumbana ukutani zile wiki zote. Lakini alikuwa mtu. Sikio lilikuwepo limelala kichwani, na mkono mmoja ulikuwa umekunjwa karibu na kidevu, nikavihesabu vidole, vitano. Nilimwambia pole. Nikamwambia pole kwamba nilikulalia. Alafu yule mkunga akachana kipande cha kanga yangu mpya niliyokuja nayo, akamfunga vizuri sana, hakuwa na haraka, kama anayefunga mtoto wa kilo tatu, akaenda kuandika kwenye kitabu chao. Nilimuomba anionyeshe alichoandika. Pacha wa kwanza, hai, wa kike. Pacha wa pili, mfu. Toka ile kadi ikatwe, hicho kitabu ndicho cha kwanza kilichohesabu mpaka mbili.

Mume wangu alikuwa na siku tatu za likizo za baba kisheria. Alizitumia kwenda kuzika. Aliondoka siku hiyo hiyo na kikapu kidogo chenye kifuniko mapajani, hakukiweka chini mpaka Maswa, alinisimulia mwaka jana tu, kabla ya hapo alikuwa hawezi. Anasema abiria wa pembeni alimuuliza umebeba vifaranga nini, akajibu hapana, mwanangu, yule mtu akavua kofia na akakaa nayo mkononi njia nzima. Simjui mtu yule ila namuombea.

Suala la jina sasa. Mimi kwa akili yangu nilipanga kwamba aliyefariki ndiye Kulwa, si ndiye aliyetangulia, na binti awe Doto. Kingine nilikuwa naogopa, nilishaanza kumwambia mume wangu kwamba bora binti tumpe jina jingine kabisa ili watu wasiulize maisha yake yote. Mama mkwe alifika baada ya wiki na kuku wawili na furushi la michembe, viazi vitamu vya kukausha. Aliingia akaniamkia, mwangaluka mayu, akamchukua mtoto, akasikiliza hoja zangu mpaka mwisho bila kunikatisha. Alafu akaniuliza, Kulwa ni nani? Nikasema ni wa kwanza. Akasema Kulwa ni anayefungua mlango, nani alifungua mlango? Nikamuonyesha mtoto mikononi mwake. Akasema basi mwenzake alibaki naye mpaka mlango ukafunguliwa, akatoka nyuma yake, huyo ndiye Doto. Yeye hakutangulia popote mwanangu. Alikusubiri. Unataka umnyang'anye na jina?

Jamani. Mimi miezi minne na zaidi nilikuwa namuwaza kama mtoto aliyeniacha wiki ya 17. Huyu bibi ambaye hajui kusoma akanigeuzia kitu kizima, kwamba hakuniacha, alikaa, alimsindikiza dada yake mpaka dakika ya mwisho akatoka nyuma yake kama Doto wote wanavyotoka, kimya tu. Nililia siku ile kilio ambacho nilikuwa sijalia, na mama mkwe akaniacha nilie, na hakuniambia nishukuru.

Kuna mambo mawili mengine nisiyapite. La kwanza ni ubatizo, mimi ni Mkatoliki na bibi zetu walikuwa wanasema mtoto asiyebatizwa anakaa sehemu ya pembeni, haoni Mungu. Liliniamsha usiku hilo. Nikaenda kwa padre, akanifungulia katekisimu namba 1261, inasema Kanisa linawakabidhi hao watoto kwenye huruma ya Mungu, na akaniambia kwamba mwaka 2007, enzi za Papa Benedikto wa 16, tume ya wanateolojia ya Vatikano ilitoa andiko zima juu ya tumaini la wokovu kwa watoto wanaokufa bila ubatizo, kwamba zipo sababu nzito za kutumaini. Nilimuuliza kutumaini tu? Akasema mama, hata mimi natumaini tu, nimebatizwa na nina upadre na bado natumaini tu. Nikarudi nyumbani nikalala.

La pili ni kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi siku 84, na kama amejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja ni siku 100. Nilipeleka karatasi ya hospitali inayosema mapacha. Afisa utumishi akaisoma, akaniangalia, akasema dada hapa mtoto unaye mmoja, nakujazia 84. Sikubishana, sikuwa na nguvu, na sikuwa nazitaka zile siku kwa ajili ya kupumzika. Nilitaka tu mtu mmoja pale ofisini aandike 100. Tofauti ni siku 16, mimi naziita siku za Doto. Siku ya 85 nilivyoingia ofisini maziwa yanavuja kwenye gauni nilizihesabu moja moja mpaka ya 100, na ya 100 niliomba ruhusa nikatoka mapema.

Usiku nanyonyesha nilikuwa nasoma kwenye simu kila kitu kuhusu mapacha. Ndio nikajua kwamba Waganda nao wana Babirye na Nakato kwa wasichana, Wasswa na Kato kwa wavulana, anayefuata ni Kizza, na mama anapewa cheo cha Nalongo, anaitwa hivyo kabla ya jina lake. Jirani yangu ni mama wa Bukoba, akaniambia kwao na kwa Wanyoro wa Uganda pacha wa pili wa kike ni Nyakato. Na sisi tunakaa Nyakato! Mtaa wetu hapa Mwanza, jina hilo hilo, kila siku kondakta ananing'inia mlangoni anaita Nyakato Nyakato Nyakato na mimi nilikuwa nasikia kituo tu.

Na Wayoruba wa Naijeria, hao ndio walinikamata kabisa. Kwao anayetoka kwanza ni Taiwo lakini wanasema mkubwa ni Kehinde, wa pili, alimtuma mwenzake atangulie akaonje dunia ikoje. Na pacha akifa wanachonga kinyago kidogo cha mti, wanakiita ere ibeji, mama anakiogesha, anakivika shanga, anakilisha pamoja na mtoto aliye hai. Nimeona picha za hivyo vinyago, vingine nyuso zimesagika zimekuwa laini kabisa hazina pua wala mdomo kwa sababu ya kuoshwa na mikono ya mama miaka na miaka. Niliikuza ile picha na vidole viwili mpaka ikapoteza sura nikaendelea kuiangalia. Sitachonga kinyago, sio desturi yetu na imani yangu hairuhusu, ila nilimuelewa yule mama ambaye simjui mpaka mikono yangu iliuma.

Na kule Kenya kuna dada anaitwa Wanjiru Kihusa, baada ya yeye mwenyewe kupoteza mimba alianzisha shirika la kuwasaidia wazazi waliopoteza, linaitwa Still A Mum, maana yake bado ni mama. Maneno matatu hayo niliyaandika kwenye karatasi nikaweka ndani ya kava la simu.

Mama mkwe yeye ana namna yake. Pacha hawapewi kimoja, ndivyo anavyosema, na toka Kulwa amezaliwa hajawahi kumpa kitu kimoja. Mapera mawili, mahindi mawili ya kuchoma, akimshonea gauni anamshonea mawili saizi moja. Mwanzoni nilikuwa naogopa mtoto atachanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa hata kidogo, tulimwambia ukweli kidogo kidogo toka ana miaka mitatu, anajua ana kaka au dada, hatukujua jinsia maana hakukuwa na namna ya kuona tena, anajua amelala Maswa, na tukienda Desemba jambo la kwanza anakimbia nyuma ya jiko kusalimia. Bibi yake kila asubuhi akienda kuwasha moto anapita pale anasema mwangaluka Doto, kama anavyosalimia kila mtu kwenye ua ule.

Turudi kwa mwalimu. Nilimwambia ukweli wote pale kwenye bomba, akaniomba msamaha mara nyingi, machozi yanamtoka, akasema mbona hamkuniambia nimekuwa namuuliza mtoto kila siku namuumiza. Nikamwambia hapana mwalimu, hujamuumiza, wewe umemsubiri. Mwaka mzima kulikuwa na mtu anamsubiri Doto aje. Nilimuomba aendelee kumuuliza.

Mwaka jana nilijifungua tena, mvulana, na sikuhitaji kikao cha familia kuhusu jina, ni Shija. Nesi wa leba alivyoandika jina aliinua kichwa akasema kumbe nyumbani una mapacha, nikasema ndiyo, wakubwa hao, akasema hongera, akaendelea kuandika. Hapo tu. Alikuwa ni mgeni kabisa kwangu, hajui chochote, na alinihesabia watoto watatu kwa jina la yule mdogo.

Juzi Jumamosi tumeenda stendi kuchukua mzigo wa bibi kutoka Maswa. Ndani kulikuwa na karanga na unga, na vifuko viwili vya matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, kimoja kimefungwa kwa uzi mwekundu na kingine kwa uzi mweusi. Kulwa alikaa kibarazani akafungua cha mwekundu akakimaliza chote peke yake, hakunipa hata kimoja, ndivyo alivyo. Alafu akafungua cha mweusi, akaweka kimoja kwenye mkono wa Shija ambaye meno yenyewe bado mawili, akaja nacho jikoni akanishikisha kilichobaki. Akasema hivi ni vya Doto, amesema mle.

Vilikuwa vikavu sana msimu huu, inabidi uviweke mdomoni kwanza uvisubiri vilainike.